Sindimba mchana kweupe

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019, kwa takwimu za 2016, kwamba asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango cha mazoezi kinachohitajika, yaani wastani wa saa moja kwa siku. Wavulana walikuwa asilimia 78. Ushauri unaofuata huwa ule ule: jimu, mbio za asubuhi, netiboli. Lakini jimu ina ada, barabarani kuna miluzi ya wanaume, na netiboli kwa wengi huisha siku ya kumaliza shule. Ngoma za asili hazitajwi kabisa, na kuziacha ni hasara ya afya kabla hatujafika kwenye utamaduni.

Chukua sindimba ya Wamakonde. Mchezaji hukunja magoti, kiuno kikazunguka huku nyayo zikipiga chini kwa kasi. Mapaja, makalio na tumbo havipumziki. Kishindo chenyewe ni faida, kwa kuwa mifupa huimarika inapobebeshwa uzito, na akiba ya mifupa atakayoitegemea mwanamke baada ya kukoma hedhi huwekwa kabla hajatimiza miaka 30 au karibu na hapo. Bugobogobo ya Wasukuma, inayochezwa kwa majembe, huongeza kazi ya mabega. Si ngoma zote zina nguvu hiyo: lelemama ya pwani ni ya madaha, na anayeitegemea impe pumzi atangoja sana.

Faida nyingine iko kichwani. Nchini Sweden, wasichana 112 wenye msongo na maumivu ya mara kwa mara waligawanywa kwa kura, kundi moja likacheza dansi mara mbili kwa wiki kwa miezi minane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa waliocheza waliiona afya yao imekuwa bora kuliko wenzao, hata baada ya mafunzo kwisha. Haikuwa sindimba, kweli. Lakini utafiti wa Brazil wa 2015 uliona vijana wanaocheza kwa mwendo mmoja wakistahimili maumivu zaidi na kujisikia karibu na wenzao, na mwendo mmoja ndio uti wa mgongo wa ngoma zetu.

Wazazi watasema mauno ni aibu, na watataja vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha. Hofu yao ina msingi, ila kinachoharibu vigodoro ni usiku, pombe na wanaume wenye fedha za kutunza. Mchana, ukumbini, chini ya mwalimu mwanamke, kiuno kile kile ni mazoezi. Kwenye chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ngoma imefundishwa kama taaluma tangu 1981. Wengine watauliza kama binti wa kijijini anayebeba maji naye anahitaji kuchezeshwa. Huyo anahitaji bomba. Ninayemzungumzia hukaa darasani, dukani na kwenye daladala, na akishakuwa mtu mzima vipindi vitatu vya dakika 50 vinamtimizia dakika 150 za mazoezi zinazoshauriwa kwa wiki. Aanze kwa kupasha misuli moto, na achezee udongo au mchanga: saruji na miguu peku huumiza magoti.