Bili ya Bafuni kwenye Jengo la Wengi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwamba sheria ya Kenya ya 2020 kuhusu umiliki wa fleti humpa kila mwenye fleti hati yake, huku ngazi, paa na tangi la maji vikibaki mali ya wote, kila mtu na fungu lake, chini ya shirika lao. Leo tuingie kwenye bili.

Wazungu wakizungumzia jengo linalobana umeme huanza na kuta na madirisha, maana kwao adui ni baridi. Kakamega, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna anayepasha nyumba joto. Umeme wetu unaishia bafuni.

Piga hesabu. Kupasha lita 30 za maji ya kuoga mtu mmoja kutoka nyuzi 20 hadi 40 hula uniti 0.7. Fleti 16, kila moja na watu watatu wanaooga mara moja kwa siku, humaliza uniti 1,000 hivi kwa mwezi. Taa 16 za ngazini za wati 9, zikiwaka saa 12 kila usiku, hazifiki uniti 60. Ajabu ni kwamba mkutanoni watu hugombania taa! Bili ya ngazi ni ya pamoja. Ya shawa kila mtu huilipa kimyakimya kwa tokeni zake.

Jua laweza kuifanya kazi hiyo ya kupasha maji, ila hapa mawingu hujikusanya alasiri na mvua hushuka, mara nyingine ya mawe. Basi mitambo ya jua ya paani itazame mashariki, inase jua la asubuhi, na iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Tangi la lita 200 likijaa huzidi kilo 200, kwa hiyo mhandisi akague mbao za paa kabla fundi hajapanda.

Kinachokwamisha zaidi ni kura ya mwenye fleti anayepangisha. Mchango wa kununua mitambo atoe yeye, tokeni anunue mpangaji. Atakubali kwa faida gani? Mimi simlaumu. Shirika likubaliane naye aongeze kodi kidogo, chini ya kile mpangaji atakachookoa, na iandikwe kwenye mkataba. Kisha kila fleti ifungiwe mita yake ya maji moto, la sivyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro anayeishi peke yake atailipia familia ya watu sita. Mita hizo zifungwe kabla ya mabomba kufunikwa kwa plasta, maana kuvunja ukuta baadaye kutahitaji mchango mwingine, na mkutano mwingine.