Nyoka wa Bahi Anayekataa Chura

Msomaji wetu wa Bahi anauliza: mwanawe anafuga nyoka kwenye ndoo, wa kahawia, mwenye mabaka meusi mgongoni. Kapewa chura, kamwacha. Kapewa panya, kamwacha. Majirani wanasema ni kifutu, auawe. Ni nyoka gani?

Huyo chura aliyeachwa ametusaidia sana. Causus, jamaa wa kifutu mwenye sumu na mabaka yanayofanana na hayo, chakula chake kikuu ni vyura. Anayewakataa huenda ni Dasypeltis scabra, mla mayai, aliyepewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758. Na Bahi si mahali pa yeye kukosa chakula: mvua zikikolea, kwelea kwelea hutaga kwa makundi kwenye migunga.

Picha ya karibu ya jicho itasaidia. Wengi wameambiwa mboni ya wima ni dalili ya sumu. Hapa mambo yamegeuka, maana Causus ana mboni ya duara na mla mayai, asiye na sumu kabisa, ana ya wima. Akichokozwa hujikunja na kusuguanisha magamba ya ubavuni, yenye kingo za meno madogo, hadi unasikia mfoko wa kifutu unaotoka kwenye ngozi.

Lakini ajabu yenyewe iko shingoni. Nyoka mkubwa wa aina hii, mwenye kichwa chembamba kama kidole, humeza yai zima la kuku. Kinywani meno yake ni machache na madogo mno. Yai likifika shingoni linakutana na vichomozo vya pingili za uti wa mgongo vilivyotoboa ukuta wa umio. Mimi naviita misumari ya uti. “Meno ya shingo” yanapotosha, kwani jino huota kwenye taya. Nyoka hujipinda, misumari inapasua ganda, kisha misuli inafanya kazi ya kifumbu cha nazi: inaminya, tui linashuka, chicha linabaki juu, inaminya tena, hadi chicha limekauka, ndipo linatupwa. Ganda hutemwa likiwa limebanwa kama kifurushi, vipande vikishikiliwa na utando wa ndani ya yai. Mwaka 1952 Carl Gans, mwanazuolojia wa Marekani, alichapisha uchambuzi wa kina wa kazi hiyo.

Basi kijana aweke yai dogo bichi, la kwale au la njiwa, bila kumshika nyoka, amwache usiku. Kifurushi cha ganda asubuhi kitamaliza ubishi kuliko picha yoyote. Asipokula, huenda yai halikumpendeza: hulinusa kwa ulimi, na lililooza au lenye kifaranga hulikataa. Tena ndege wakiacha kutaga, huweza kufunga kwa miezi. Kumfuga kunahitaji kibali cha wanyamapori. Bila hicho, arudishwe kwenye migunga alikotoka, kabla kwelea hawajamaliza kutaga.