Lori la Vijitofali na Binti Aliyelibuni

Lori lililotusukuma kuandika makala haya lina urefu wa nusu mita, upana usiofika shibiri moja, na magurudumu sita. Limeundwa kwa vijitofali vya plastiki vya Lego, linakwenda kwa mota ya betri, na aliyelibuni ni binti wa dada yetu mwenye umri wa miaka 14. Halikutoka katika boksi lenye kitabu cha maelekezo. Vipande vyake ni vya mtumba, alivyovinunua baba yake huko Ghuba anakofanya kazi, akawa anavituma kidogo kidogo kila apatapo msafiri wa kumbebea. Kazi yote ilichukua miezi minne, baada ya madrasa na baada ya kazi za skuli.

Katika mwezi wa tatu lilikaribia kuvunjwa. Shangazi yake, ambaye hadhi yake katika ukoo haina mjadala, alisema maneno ambayo akina mama wengi wanaotusoma wameyasikia majumbani mwao: msichana na malori wapi na wapi, tena mtoto aliyebaleghe hakai chini kuchezea vidude. Mama mtu akasita. Binti naye, bila kujibu neno, akaanza kukusanya vipande na kuvitia mfukoni. Ndipo tukaitwa kutoa rai.

Tulilolisema siku ile ndilo tunalolisema hapa. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Bwana Mtume (s.a.w.) alimwuliza habari za farasi huyo na za mbawa zake. Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (a.s.), na Mtume akacheka hata yakaonekana magego yake. Wengi huitaja hadithi hii kuthibitisha ruhusa ya michezo ya watoto, nayo ni hoja sahihi. Sisi hutuvutia zaidi lile swali. Mtume hakupita tu. Aliuliza habari za chombo kile, akasikiliza jawabu la aliyekimiliki. Na lori halina roho, kwa hiyo hata mjadala wa wanazuoni kuhusu taswira hauligusi.

Ama ufundi wenyewe si mgeni katika umma huu. Mwaka 1206 Al-Jazari, aliyekuwa akiwatumikia watawala wa Kiartuqi huko Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha Kiarabu kinachoeleza vyombo 50: saa za maji, mitambo ya kupandisha maji, magurudumu ya meno. Alieleza kila kipande kwa vipimo vyake na namna ya kukiunganisha, ili fundi ajaye aweze kukiunda upya. Vijitofali hivi navyo vina asili ya useremala. Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala wa mji wa Billund, Denmark, aliyeanza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Jina Lego limetokana na maneno ya Kidenmarki yenye maana ya kucheza vizuri. Muundo wa kijitofali tunaoujua leo ulisajiliwa mwaka 1958, na vya wakati ule bado vinashikana na vya leo. Mwaka 1977 ikaja aina iitwayo sasa Technic, yenye ekseli, gia na boriti za matundu. Kwa hiyo ndiyo watu huunda malori. Mwaka 2015, kwa mfano, kiwanda kilitoa lori la Mercedes-Benz Arocs la vipande 2,793.

Kufuata maelekezo ya vipande 2,793 ni kazi ya subira. Kubuni lori lako mwenyewe ni kazi nyingine kabisa, nayo huanzia kwenye tairi. Tairi hazichongeki, lazima utumie zilizopo. Za binti yetu zilikuwa na kipenyo cha milimita 62. Tairi la lori halisi lina kipenyo cha takriban mita moja, basi lori lake litakuwa dogo mara 16. Upana wa lori la kweli, mita 2.5, ukiugawa kwa 16 unapata milimita 156. Matundu ya Technic yameachana kwa milimita 8, na hivyo upana ukawa matundu kumi na tisa na nusu. Akachagua 19 badala ya 20. Tulipomwuliza sababu alijibu, "Mjomba, 19 ina tundu katikati, na 20 haina. Ekseli ya kupeleka nguvu nyuma nitaipitisha wapi?" Yote hayo aliyachora kwa penseli katika daftari la hesabu la miraba, kila mraba tundu moja.

Kisha ikaja taabu. Lori lilipokamilika fremu, mota na betri sita, lilikaribia kilo mbili. Akaliweka sakafuni, akawasha. Mota ikavuma, lori halikusogea hata unywele.

Aliyewahi kukaa ndani ya matatu nyuma ya lori la makontena lipandalo Mazeras analijua jambo hili kwa masikio yake. Injini inanguruma kwa kasi, magurudumu yanazunguka kama yanayosinzia. Dereva ameuza mwendo akanunua nguvu. Gia ndogo yenye meno 8 ikiizungusha yenye meno 24, ile kubwa huzunguka mara moja kwa kila mizunguko mitatu ya ndogo, na nguvu ya kusokota huongezeka takriban mara tatu, ukiondoa kinachopotea kwa msuguano. Binti alikuwa na jozi moja tu. Akaongeza ya pili, ikawa mara tisa, na zote mbili akaziweka mbele, kando ya mota.

Safari hii lori lilitikisika, kisha ikasikika tak, tak, tak. Ekseli ndefu ya plastiki ilikuwa ikijisokota kama kamba, na meno ya gia yakirukana. Ni wakati huo shangazi alipoingia.

Ufumbuzi aliupata mwenyewe, wiki moja baada ya vipande kutoka tena mfukoni. Nguvu ikizidishwa mbele, ekseli nzima hubeba mzigo ule mzito mpaka nyuma. Ikizidishwa nyuma, karibu na magurudumu, ekseli hubeba nguvu ndogo ya mota peke yake. Akazihamishia gia zote mbili nyuma, jirani na difu, ile inayoruhusu gurudumu la nje kuzunguka zaidi ya la ndani kwenye kona. Akazibana gia kwa boriti pande zote mbili, zisipate nafasi ya kuachana. Boksi la betri, ambalo ndilo zito kuliko vyote, akalishusha chini katikati ya fremu.

Lori likapanda ubao ulioegemezwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Shangazi alikuwapo. Hakusema lolote, ila baadaye aliuliza betri hudumu muda gani.

Kwa wazazi watakaotaka kujaribu: mtumba unatosha, na haumlazimu mtu kukopa. Vipande vioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, lakini mota na boksi la betri visitiwe maji kamwe. Visianikwe juani, kwani jua hugeuza rangi vikawa manjano. Betri zitolewe lori likipumzika. Zikivuja hula vyuma vya ndani, na hewa yetu ya chumvi haisaidii. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitatu ifanye kazi hii mezani, na vipande vihesabiwe kabla ya kulala, maana kidogo chake hutosha kumkaba mtoto.

Sasa anataka bodi ya nyuma iinuke imwage mchanga. Inahitaji mota ya pili, na baba yake ameahidi kuileta mwenyewe atakaporudi likizo, inshallah. Mchoro umeshajaza kurasa nne za daftari.