ALAMA ZA NYAYO NA AFYA YA MIGUU

Mwindaji wa Matambarale akiona alama mavumbini hujua ni mnyama gani aliyepita, ameelekea wapi, na kama alikuwa akichechemea. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaozitazama alama za nyayo zao wenyewe. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu namna alama hizo ziwezavyo kumwonya mtu kabla hajalemaa.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Lowesha wayo, ukanyage sakafu kavu ya saruji kwa uzito wako wote, kisha uinue mguu. Kwa kawaida utaona kisigino, ukanda wa ubavu wa nje, sehemu ya mbele na vidole vitano. Upande wa ndani hubaki nafasi tupu, nayo ndiyo uvungu wa wayo.

Uvungu usipoonekana, msifanye hofu mara moja. Watoto wadogo wengi wana wayo bapa, na watu wazima wengi huishi nao pasipo maumivu. Bali mtu mzima akiona uvungu wa mguu mmoja umeanza kulala, na kifundo chauma upande wa ndani, yampasa kumwona mganga wa hospitali, maana huenda kano iushikayo uvungu imelegea. Alama ikikatika katikati, uvungu umeinuka kupita kiasi, na kifundo cha namna hiyo huteguka upesi. Tena mtu akiacha michirizi ya vidole mavumbini kila hatua, huenda mshipa wa fahamu uinuao mguu umedhurika.

Lililo zito kuliko yote ni ganzi. Ukoma na kisukari huweza kuharibu mishipa ya fahamu, hata mtu asisikie mwiba wala moto. Naye, kwa kuwa hasikii, huendelea kukanyagia pale pale palipoumia, mpaka kidonda kifike mfupani na mguu ukatwe.

Mwaka 1947 waganga Harris na Beath wa Kanada walitoa taarifa ya kupima miguu ya askari kwa mkeka wa mpira uliopakwa wino. Panapobanwa zaidi, wino hukolea zaidi. Baadaye mikeka ya namna hiyo ilitumiwa kwa wenye ganzi, kwani palipokolea ndipo panapoelekea kutoka kidonda. Kisha hutengenezewa viatu vya kupunguza uzito mahali hapo.

Maji ya sakafuni hayaonyeshi hayo barabara. Kwa hiyo twamsihi mwenye ganzi asitegemee alama tu, bali atazame nyayo zake kila jioni, au atazamiwe na mwenzake, wala asiende shambani bila viatu. Na aende zahanati mapema: ukoma hupona, na dawa yake hutolewa bure. Dalili ya mvua ni mawingu. Nasi tusingoje mvua itunyee.