Mionzi ya Nyuklia (2): Iko Upande Gani wa Ngozi?

Juma lililopita tuliishia kwenye kiini cha atomu, tukaona kwamba viini vingine havitulii. Vina nguvu ya ziada na huitoa kwa kurusha kitu nje. Leo tukitazame hicho kinachorushwa. Tangu mjadala wa mtambo wa nyuklia utoke Uyombo, Kilifi, ambako wakazi waliupinga, ukafika Siaya, mionzi imekuwa gumzo hapa Awasi, iwe stejini au kwenye meza za omena. Huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja, na ndiyo sababu wengine huogopa kisichodhuru na kukidharau kinachodhuru.

Tuanze na hizo omena. Kabla taa za betri na za sola hazijaenea, wavuvi wa ziwa letu walizivua usiku wa giza kwa mwanga wa karabai. Ule wavu mdogo wa kitambaa unaong'aa ndani ya kioo chake ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, ambaye mwaka 1891 aliuundia mchanganyiko uliokuwa karibu wote oksidi ya thoriamu. Siku hizi viwanda vingi hutumia itriamu. Thoriamu ni madini yenye mionzi.

Inachorusha ni chembe ya alfa, yaani protoni mbili na nutroni mbili zilizoshikamana. Chembe hii ni nzito na ina chaji kubwa, hivyo huzipokonya elektroni atomu zilizo njiani mwake mpaka ikaishiwa nguvu. Hewani huenda sentimita chache tu. Karatasi huizuia, na hata lile tabaka la ngozi iliyokufa juu ya mwili huizuia. Mvuvi aliyekesha kando ya karabai hakufikiwa na alfa hata moja, maana kioo kilizimaliza zote.

Lakini kukicha, wavu umekatika, naye anapuliza majivu yake ili afunge mwingine. Vumbi hilo likiingia mapafuni, hakuna tena ngozi iliyokufa ya kumkinga. Alfa humaliza nguvu zake zote ndani ya seli chache zilizo hai. Kwa sababu hiyo wataalamu wa kinga, wanapokadiria madhara kwa kipimo cha sievert, huihesabu alfa mara 20 ya beta au gama. Kiasi kilicho katika wavu mmoja ni kidogo, asikimbie mtu. Badilisha penye upepo, usipulizie usoni, nawa mikono kabla ya kula.

Beta ni elektroni iliyozaliwa ndani ya kiini nutroni inapogeuka protoni. Ni nyepesi, hewani huweza kupita mita moja, na bamba la alumini la milimita chache huisimamisha. Huna haja ya kuitafuta mbali. Potasiamu tunayoila katika maharagwe na ndizi ina sehemu ndogo ya potasiamu-40, na ndani ya mwili wa mtu mzima viini vyake kama 4,000 huvunjika kila sekunde, vingi vikitoa beta. Ndivyo tulivyo tangu kuzaliwa.

Gama, iliyogunduliwa na Paul Villard mwaka 1900, si chembe yenye uzito. Ni wimbi la jamii moja na nuru. Hupenya mwili mzima. Hakuna ukuta unaoikata kabisa, ila huipunguza: gama ya sizi-137 hubaki nusu ikipita takriban milimita 6.5 za risasi, na robo ikipita mara mbili ya hapo. Kusini mwa Ghuba ya Winam, kwenye vilima vya Ruri karibu na Lambwe, miamba ya kabonati iliyotoka kwenye volkano za kale ina thoriamu nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wameipima na kukuta mionzi iliyozidi sana wastani wa dunia. Gama za miamba hiyo humfikia mtu bila yeye kugusa jiwe. (Eksirei ya hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, inafanana na gama lakini haitoki kwenye kiini; umeme ukizimwa, nayo imekwisha.)

Je, aliyepigwa na gama huwa chanzo cha mionzi? Hapana. Unguja ilisafishwa mbung'o kufikia 1997 kwa kuachilia madume mamilioni waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa gama, na madume hao hawakuwa na mionzi yoyote. Mgonjwa wa saratani aliyetibiwa kwa mashine ya kobalti-60 hurudi nyumbani na kumpakata mtoto wake bila shida. Yule aliyemezeshwa iodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingo ni habari nyingine, kwa kuwa chanzo kiko ndani yake. Huyo huambiwa ajitenge na watoto kwa siku kadhaa.

Imebaki nutroni, iliyotambuliwa na James Chadwick mwaka 1932, nayo ndiyo ya kuulizia panapojengwa mtambo. Haina chaji, hupita kwenye risasi kwa urahisi, lakini maji huipunguza mwendo vizuri. Tena hiyo, tofauti na tatu za kwanza, huweza kuingia katika kiini cha chuma kitulivu na kukifanya kianze kutoa mionzi. Ndiyo maana mtambo wa nyuklia ukizeeka, si fueli peke yake inayohesabiwa kuwa taka; hata vyuma vilivyoizunguka vimo. Taka hizo hukaa muda gani kabla hazijapoa? Hapo ndipo tutakapoanzia juma lijalo.