Maua Yasisubiri Jeneza

Mwalimu aliyenifunza kusoma alizikwa siku ya Jumamosi katika mji mdogo wa bara, mji wenye barabara moja ya lami, benki moja na kimya kingi. Mimi nilifika nikiwa nimebeba shada la maua nililolinunua Nairobi, katika lile soko la jiji lililoko barabara ya Muindi Mbingu. Sikubishana na muuzaji, kwa maana mtu haombi kupunguziwa bei ya maua ya maiti. Nilipoinama kuliweka shada lile juu ya udongo mbichi ndipo iliponijia fikira ambayo haijaniondoka hadi leo: kwamba katika miaka yote niliyomfahamu mzee yule, hayo ndiyo yaliyokuwa maua yangu ya kwanza kwake. Alikuwa amestaafu kwa miaka 19. Nyumba yake ilikuwa karibu na kituo cha matatu, nami nilipita hapo kila Desemba nikienda kwetu.

Wasomaji walio walimu wa Kiswahili watakuwa wamelisikia neno lenyewe. Shada ni fungu la vitu vizuri vilivyotungwa au kufungwa pamoja: shada la ushanga, shada la maua. Halina kilio ndani yake. Lakini zisikilize taarifa za habari za redio zetu, na uyasome magazeti vilevile, hili likiwa mojawapo. Aghalabu shada hutajwa pale kiongozi anapoliweka juu ya kaburi la shujaa, kamera zikimtazama. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili, nilipomwambia alitumie neno hilo katika sentensi, aliandika bila kusita: "Shada lilitangulia, jeneza likafuata." Nilimpa alama zote. Ningemnyima kwa kosa gani?

Ukiuliza kwa nini hatuwapelekei maua wapendwa wetu wangali hai, utajibiwa upesi kwamba hayo ni mambo ya Kizungu, na kwamba Mwafrika hali maua. Jawabu hilo hutolewa kwa fahari, kana kwamba ni utetezi wa utamaduni. Mimi nililiamini hadi nilipopelekwa kufundisha Lamu, nikakaa huko miaka minne.

Nilipanga chumba katika mtaa wa Langoni, kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na mti wa asumini uani kwake. Ilikuwa ua ndani ya ua, kama lugha yetu ipendavyo kutuchezea. Alasiri, jua linapopunguza ukali, bibi aliyachuma matumba kabla hayajafunguka, kwani asumini hufunguka usiku. Ukingoja lichanue mtini, harufu yake huwa imekwenda na upepo. Wajukuu waliketi jamvini, kila mmoja na sindano na uzi wake, wakatunga makoja. Siku nyingine bibi alifunga vikuba, yaani vile vishada vidogo ambavyo wanawake wa pwani huvibandika kifuani: asumini kidogo, kijiti cha rihani, waridi likipatikana, kilua, na vipande vya mkadi vilivyokatwakatwa. Kisha kila kitu kilifunikwa kwa jani la mgomba, na mtoto mmoja akatumwa.

Alitumwa kwa nani? Hapo ndipo nilipojifunza. Alitumwa kwa jirani aliyejifungua, kwa binti aliyekuwa anatarajia kurudi kwa mumewe kutoka safari, kwa shoga wa bibi ambaye walikuwa wamekosana juu ya jambo nisiloambiwa. Huyo wa mwisho hakupelekewa salamu yoyote ya mdomo. Koja lilifika, likapokelewa, na kesho yake mwanamke huyo alikuwa barazani kwetu akinywa kahawa. Hapakuwa na duka la maua wala kadi yenye maneno yaliyochapishwa na mtu asiyewajua. Mji wenyewe unasaidia. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na mtoto aliyebeba maua hawezi kupita bila nyumba kumi kujua anakotoka na anakokwenda.

Kulikuwa na nyumba moja katika mtaa huo ambayo haikuletewa kitu. Mwenyewe alikuwa amefiwa na mumewe, na alikuwa akikaa eda, ambayo kwa mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi. Katika muda huo hujiepusha na manukato na mapambo. Bibi alizihesabu siku zile kama vile zilikuwa zake. Jioni ya siku mwenzake alipotoka eda, kikuba kilikuwa tayari tangu saa kumi, na siku hiyo hakumtuma mtoto. Alijitanda buibui akakipeleka mwenyewe. Huko kwetu bara msiba ndio unaoyaanzisha maua. Kwa mjane yule msiba ndio uliokuwa umeyasimamisha, na maua yaliporudi yalikuwa na maana ya kwamba karudi miongoni mwa walio hai.

Bibi aliniuliza siku moja, "Mwalimu, huko kwenu hakuna maua?"

Nikamwambia, "Yapo, bibi, tena mengi. Lakini hayatumwi kwa watu."

Akanitazama kwa huruma ile ambayo wazee huwahifadhia wajinga wenye shahada.

Sitaki kuipamba Lamu kupita kiasi. Ina taabu zake, na baadhi ya taabu hizo ziliugusa hata mti wa asumini. Mwaka wa 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni, serikali iliweka kafyu katika kaunti nzima, watu wakatakiwa wawe majumbani tangu jua linapotua hadi asubuhi. Walioiandika amri ile walifikiria bunduki, na labda walikuwa na haki. Lakini fikiria saa zenyewe. Asumini huchumwa alasiri, hutungwa jioni, hupelekwa magharibi na hunukia usiku. Kufikia asubuhi imekwisha kubadilika rangi. Kwa miezi kadhaa saa ya maua ikawa ndiyo saa ya kufunga milango.

Sasa tuje Naivasha, kwa maana huko ndiko waliko wanaosema maua ni ya Wazungu tu, na kwa upande mmoja wanasema kweli. Biashara ya kuuza maua nje ilishika mizizi nchini katika miaka ya 1970, ikapanuka sana kandokando ya ziwa hilo katika miaka ya 1980 na 1990. Leo hakuna nchi nje ya bara la Ulaya inayouza mawaridi mengi huko kuliko Kenya. Waridi hukatwa lingali tumba, hutiwa kwenye chumba cha baridi, husafirishwa kwa gari la baridi hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, na kutoka hapo huruka zaidi ya kilomita 6,000 hadi Uholanzi, ambako mengine hupitia mnada wa Aalsmeer. Katika wiki zinazotangulia tarehe 14 Februari wafanyakazi, walio wengi wao wanawake, hukata na kupanga mashina kwa saa nyingi ili mapenzi ya watu wengine yafike kwa wakati. Na ajabu ni kwamba waridi hilo, kwa sababu limezalishwa lidumu chomboni, mara nyingi halina harufu ya kutosha. Bibi wa Langoni angelinusa mara moja na kulirudisha.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga masoko ya Ulaya, mashamba yalitupa mawaridi kwa marundo na maelfu ya vibarua wakarudishwa makwao. Picha zile zilitusikitisha sote kwa sababu ya fedha na ajira, na ni haki kusikitika hivyo. Lakini ni wangapi kati yetu waliowaza kwamba kulikuwa na wagonjwa na wazee katika miji ile ile ya bonde? Ua lililokosa mnunuzi Ulaya tulilihesabu kuwa halina mwenyewe duniani.

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba mwalimu mstaafu anahitaji sukari, si waridi. Kweli, na mimi nisingekwenda kwake bila sukari na mkate. Ila tusijidanganye kwamba umaskini ndio unaotuzuia. Siku ya mazishi fedha za maua hupatikana, na siku hizi vijana wa mijini hufunga noti za benki mfano wa mashada na kuwapelekea wachumba wao, jambo ambalo mimi naliona ni risiti iliyovaa nguo za ua. Tumba la asumini la bibi halikumgharimu senti. Lilimgharimu alasiri yake.

Kwa walimu wenzangu hasara iko karibu zaidi. Katika karatasi ya fasihi tunamtaka mtahiniwa aeleze taswira za ushairi, na ushairi wa Kiswahili umejaa asumini, waridi, rihani na kilua. Shaaban Robert, alipomwomboleza mkewe Amina, alimfananisha na ua. Mwanafunzi wa Kitui au Kericho huandika kwamba "ua ni sitiari ya uzuri" akapata alama mbili, ilhali hajawahi kulinusa ua linalotajwa wala kuona likitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tunamfundisha kuitambua harufu kwa kukariri. Kisha tunalalamika kwamba vijana hawaupendi ushairi.

Nilipohamishwa kutoka Lamu, bibi alinipa tawi la asumini lililofungwa kwa kitambaa chenye maji. Nililipanda katika debe nje ya chumba cha walimu wa shule ninayofundisha sasa, huku bara, na baada ya misimu miwili likaanza kutoa matumba. Muhula uliopita mpishi wetu alirudi kazini baada ya kufanyiwa upasuaji. Nikamwita msichana aliyekuwa na zamu, tukachuma matumba yaliyokuwapo, akayatunga kwa uzi wa kushonea sare, nikamtuma jikoni na salamu zangu.

Alirejea baada ya muda, amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mwalimu, ameyapokea, na ameshukuru sana," akasema. "Lakini ameniuliza ni nani aliyefariki."