Tumbo limepasuliwa, kisha linavimba tena: wakati gani wa kukimbia hospitali?

Mwanamke amezaa kwa kupasuliwa. Kidonda kimepona, amerudi nyumbani. Miezi inapita, pengine hata miaka. Siku moja tumbo linaanza kumukata, linaachilia, linarudi kwa nguvu. Anatapika. Jamaa wanasema ni karuho, wanatafuta mutu wa kumupa dawa ya majani. Hapa Bukavu, maneno kama haya si mageni. Lakini mara nyingine adui si sumu. Ni matumbo yenyewe yamejifunga.

Inatokea namna gani?

Utumbo mudogo wa mutu muzima una urefu wa metre karibu 6. Unatembea-tembea ndani ya tumbo bila kushikamana. Kisha operesheni, iwe ya kuzaa, ya apandisiti ao ya matumbo yaliyotobolewa na tifoide, mwili unajiponya kwa kutengeneza makovu. Kovu haliko kwa ngozi tu. Ndani pia kunabaki nyuzi zinazoweza kushikamanisha utumbo na utumbo mwingine, ao na ukuta wa tumbo.

Kwa watu wengi nyuzi hizo hazileti shida yoyote. Kwa wengine, utumbo unakunjika ao unajizungusha kwenye uzi kama kamba. Chakula na hewa havipite tena. Hatari kubwa ni wakati mishipa ya damu nayo imebanwa: sehemu ile ya utumbo inaweza kufa ndani ya masaa machache, itoboke, na uchafu umwangike tumboni.

Alama za kujua

Maumivu yanayokuja kama mawimbi. Kutapika, zaidi sana kutapika maji ya kijani. Tumbo kuvimba. Kukosa choo na kushindwa kutoa hewa. Kama maumivu hayaachilie tena hata kidogo, kama kuna homa, ao tumbo limekuwa ngumu kama ubao, hakuna kungoja asubuhi.

Ni kweli kwamba siku za kwanza kisha operesheni matumbo yanalala kidogo. Ndiyo sababu waganga wanauliza kila siku: "Umeisha kutoa hewa?" Si ulizo la kuchekesha. Ni njia ya kujua kama matumbo yameamuka.

Isiyofaa kufanywa

Usimupe mugonjwa lavema, dawa ya kuharisha ao majani ya kutapisha. Utumbo uliofungwa ukisukumwa unaweza kupasuka. Usimulazimishe kula.

Hospitali, wanapita mupira puani ili kutosha maji na hewa, wanamutia serumu, wanapiga picha ya tumbo. Kama ni kushikamana tu, mara nyingi matumbo yanafunguka bila kisu. Kama yamejizungusha na damu haipite, ni kupasua haraka.

Kwa anayeishi Kadutu ao Ibanda, Hospitali Kuu ya Rejeo ya Jimbo na ile ya Panzi haziko mbali. Kwa anayetoka Idjwi kwa mutumbwi, ao Walungu kwa pikipiki, kila saa iliyopotezwa kwa majani inahesabika mara mbili.

Na jambo moja la mwisho: aliyepasuliwa tumbo atunze karatasi aliyopewa wakati wa kutoka, na aonyeshe kovu lake kwa muganga yeyote, hata kama limepita miaka 10. Kovu hilo linaweza kumuonyesha muganga pa kuanzia.